Foleni Mbele ya Geti la Shule: Tuanze kwa Kuhesabu

Somo la robo hii linahusu kipande kifupi cha barabara, pengine mita 100 tu. Ni kile kilichoko mbele ya geti la shule ya sekondari, kuanzia saa 12:45 hadi saa 1:30 asubuhi, na tena alasiri wanafunzi wanapotoka. Tumelichagua kwa sababu bodi za shule kadhaa zimeleta maombi katika ofisi ya miradi zikitaka fedha za kupanua geti. Sababu nyingine ni nzito zaidi, nayo tunaieleza hapa chini.

Tangu ajali ya Karatu ya tarehe 6 Mei 2017, ambapo wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wao walifariki basi la shule lilipotumbukia korongoni, mazungumzo yetu mengi kuhusu usalama wa wanafunzi barabarani yamekuwa juu ya mabasi ya shule. Ni haki iwe hivyo. Lakini katika sekondari zetu nyingi za kutwa wanafunzi hawaji kwa basi la shule. Wanakuja kwa miguu, kwa daladala, kwa bodaboda, na wachache kwa magari ya wazazi. Wote hao hukutana mahali pamoja, kwa wakati mmoja, na mahali penyewe hapana mwenyewe. Mkuu wa shule husema kazi yake inaanzia ndani ya geti, na askari wa usalama barabarani husema ana makutano makubwa zaidi ya kusimamia.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, linaeleza kwamba ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani mwaka 2021, na kwamba ndizo chanzo cha kwanza cha vifo kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Wanafunzi wetu wote wa Kidato cha Kwanza hadi cha Sita wamo katika kundi hilo.

Kilichotokea

Katika shule moja ya dayosisi, iliyo kando ya barabara kuu, msichana wa Kidato cha Pili alishuka kwenye daladala upande wa pili wa barabara. Magari ya wazazi yalikuwa yamepanga foleni kuelekea getini. Dereva mmoja aliyekuwa amesimama katika foleni hiyo alimhurumia, akamwashia taa avuke mbele yake. Msichana akavuka. Wakati huohuo bodaboda ilikuwa ikiipita foleni kwa upande wa kulia, na mwendeshaji hakuweza kumwona mtu aliyefichwa na gari lililosimama. Mfupa wa paja ulivunjika. Hakufanya mtihani wa upimaji wa taifa mwaka ule.

Bodaboda ilikuwa imebeba mshikaki, na wote wawili waliopakiwa walikuwa wanafunzi wa shule hiyohiyo wanaowahi kengele. Tukio hili lote halikuwa na mtu mbaya ndani yake. Dereva wa gari alifanya wema, na msichana alivuka kwa sababu ameruhusiwa. Mwendeshaji wa bodaboda alifanya kile ambacho bodaboda zote hufanya zikikuta foleni. Tunasisitiza hili kwa sababu, baada ya ajali, vikao vingi huishia kumtafuta mkosaji mmoja, akipatikana watu wanarudi nyumbani, na kesho yake asubuhi foleni iko palepale.

Bodi ya shule ilipokutana, pendekezo la kwanza lilikuwa kupanua geti kutoka mita 4 hadi mita 8. Tuliomba jambo moja kabla ya kufungua pochi: tuhesabu kwanza.

Kuhesabu

Kuhesabu si kazi ya wataalamu. Klabu ya jiografia ya shule iliifanya chini ya usimamizi wa walimu wawili, kwa siku tatu: Jumatatu, siku moja ya katikati ya juma, na siku moja ya mvua. Siku ya mvua msiikose. Wazazi ambao kwa kawaida humwachia mtoto nauli, siku hiyo humleta kwa gari, nao wanaotembea huhama kutoka kando ya barabara yenye tope kuja juu ya lami.

Wahesabuji walisimama sehemu tatu, wote ndani ya ukuta au nyuma ya mtaro, mbali na magari. Waliandika kila dakika 5 wameingia wangapi na kwa njia gani, na gari likisimama, limesimama kwa sekunde ngapi, wapi, na mtoto ameshukia mlango upi. Jambo hili la mlango wengi hulipuuza. Kwetu tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo mlango wa kushoto hufungukia kando ya barabara na wa kulia hufungukia katikati ya magari yanayopita. Mtoto aliyekaa nyuma ya dereva hushukia kulia kwa mazoea, na mkoba wake unamtangulia.

Matokeo yaliishangaza bodi. Waliokuja kwa miguu walikuwa wengi kuliko makundi mengine yote, wakifuatiwa na wa daladala. Waliokuja kwa magari ya wazazi ndio walikuwa wachache kuliko wote, lakini karibu nafasi yote mbele ya geti ilikuwa yao. Mjumbe mmoja, ambaye yeye mwenyewe humleta binti yake kwa gari, aliitazama karatasi kwa muda mrefu kisha akauliza wale wengine wote huingilia wapi. Huingilia hapohapo, kati ya bampa na bampa.

Hapo ndipo mjadala ulipogeuka. Hadi siku hiyo neno "foleni" katika kikao lilikuwa na maana ya magari kuchelewa. Sasa likawa na maana ya watoto kupenya. Na geti la mita 8 lingewasaidia magari kuingia mawili kwa pamoja. Wapenyaji lingewaongezea gari la kulikwepa.

Foleni inavyotengenezwa

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme magari 60 yanakuja katika dakika 30, yaani mawili kila dakika. Kila gari linasimama sekunde 40 kumshusha mtoto, na mahali pa kushushia ni pamoja tu, mbele ya geti. Kwa dakika moja linaweza kupita gari moja na nusu. Kila dakika foleni inaongezeka nusu gari, na baada ya dakika 30 kuna magari 15 yanayosubiri. Gari dogo pamoja na nafasi ya mbele yake huchukua kama mita 6, kwa hiyo foleni ina mita 90. Imeshafika barabara kuu.

Sasa tuweke sehemu mbili za kushushia, moja nyuma ya nyingine, bila kugusa upana wa geti. Yanapita magari matatu kwa dakika. Foleni haipo. Kwa hali halisi wazazi hawaji kwa usawa namna hiyo, wengi huja dakika 10 za mwisho. Tukisema 40 kati ya wale 60 huja dakika hizo, ni magari manne kwa dakika, na sehemu tatu za kushushia zinatosha. Kinachotatua foleni ni urefu wa mahali pa kushushia na ufupi wa muda wa kusimama.

Zile sekunde 40 zinaliwa na nini? Mkoba uko kwenye buti. Fedha ya chakula cha mchana inatafutwa kwenye pochi baada ya gari kusimama. Mzazi anashuka kumsalimia mwalimu wa zamu, na salamu zetu, kama mjuavyo, si neno moja. Shule hiyo iliwaandikia wazazi waraka wa mistari mitatu: mkoba mapajani, fedha mfukoni kabla ya kutoka nyumbani, mwenye neno na mwalimu aegeshe kwanza. Hakuna kibao wala tuta lililosaidia asubuhi kuliko waraka huo.

Alasiri ni habari nyingine. Asubuhi gari huja na kuondoka. Alasiri mzazi au dereva wake huja nusu saa kabla ya kengele ili apate nafasi nzuri, anazima gari, anasoma gazeti. Magari 10 yaliyoegeshwa kando ya barabara huwaondolea watembea kwa miguu mita 60 za njia yao, nao hutembea katikati. Shule nyingine ilijaribu kutoa madarasa kwa zamu, Kidato cha Kwanza na cha Pili wakitangulia kwa dakika 20. Foleni ilipungua kwa siku chache, lakini ilionekana kwamba wadogo walibaki barabarani kuwasubiri kaka na dada zao, na wa daladala walibaki kituoni kungoja wenzao ili wapande kwa kundi, maana mmojammoja makonda huwakataa. Utaratibu ukaachwa. Lililosaidia huko ni rahisi zaidi: geti la magari hufunguliwa dakika 15 baada ya kengele. Wa miguu na wa daladala wameshaondoka, na mzazi akijua geti halifunguliwi mapema hana sababu ya kuja mapema.

Mwendo wa magari yanayopita

Barabara kuu ina magari ambayo hayana habari na shule. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na inamtaka dereva ampishe aliyeko kwenye kivuko cha pundamilia. Tuitazame hiyo 50. Gari kwa mwendo huo linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva huhitaji kama sekunde moja kuona na kukanyaga breki, kisha gari zima, kwenye lami kavu, linahitaji mita nyingine 14 hivi. Jumla mita 28. Kwa mwendo wa 30, jumla ni kama mita 13. Mtoto akijitokeza mita 20 mbele ya gari, la mwendo wa 30 limesimama na dereva amebaki kutetemeka. La mwendo wa 50 linamfikia likiwa bado na zaidi ya kilomita 35 kwa saa. Na hiyo ni kwa breki nzuri. Breki za baadhi ya magari yetu mnazijua.

Ndiyo maana Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilipendekeza kikomo cha kilomita 30 kwa saa pale ambapo magari na watembea kwa miguu huchangamana. Mbele ya sekondari asubuhi ni mahali pa namna hiyo kuliko pengine popote.

Tuongeze giza. Mwezi Juni na Julai jua kaskazini mwa Tanzania huchomoza karibu saa 12:40, na mwanafunzi anayetembea kilomita 5 ameondoka nyumbani saa 11:30, amevaa sweta la bluu iliyokolea. Utepe unaong'aa ukimulikwa, ulioshonwa kwenye mkoba, ni kitu ambacho Umoja wa Wanawake wa usharika unaweza kukifanya Jumamosi moja.

Neno

Kumbukumbu la Torati 22:8 ni mstari ambao hatuhubiri mara nyingi. Mtu ajengaye nyumba mpya anaagizwa aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Nyumba za nchi ile zilikuwa na dari bapa, watu walipanda juu kupunga hewa, kuanika nafaka, hata kulala. Agizo halisubiri mtu aanguke, wala halimwambii mgeni awe mwangalifu akipanda. Linamwambia mwenye nyumba ajenge ukuta, na linamwambia wakati anajenga, si baada ya msiba.

Shule ni nyumba yetu, na geti ni ukingo wa dari yake. Mara nyingi tunapowaambia wanafunzi kwenye mstarini "muwe waangalifu barabarani", tunamhimiza anayepanda darini ashike roho yake mkononi, nasi hatujajenga ukuta. Elimu kwa wanafunzi ni njema na iendelee. Lakini msichana yule alikuwa mwangalifu. Alisubiri, akaruhusiwa, ndipo akavuka.

Walimu wa kipaimara wanaweza kuliunganisha somo hili na amri ya tano. Maelezo ya Luther katika Katekisimo Ndogo hayaishii kwenye kutoua; yanaendelea hadi kumsaidia jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Kijana wa kipaimara atakayekuwa dereva miaka michache ijayo anaweza kuulizwa: kuipita foleni mbele ya shule kunaangukia amri ya ngapi?

Yaliyobadilishwa

Katika shule tuliyoanza nayo, jambo la kwanza lilikuwa geti dogo la watembea kwa miguu. Halikuwekwa kando ya geti kubwa. Liliwekwa upande mwingine wa uwanja, linakotazama njia ya mtaa, maana hesabu ilionyesha kwamba wengi wa wanaotembea hutokea huko na walikuwa wakizunguka hadi barabara kuu kwa sababu tu geti liko huko. Gharama yake ilikuwa kubomoa ukuta mita moja na nusu, fundi wa kuchomelea, na mwalimu mmoja wa zamu zaidi. Hoja dhidi yake ilikuwa utoro: wanafunzi watatorokea hapo. Hufunguliwa nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri, basi. Watoro wana ukuta wao wanaoufahamu.

Geti kubwa lilirudishwa ndani kwa mita 18, hivyo magari matatu husimama nje ya barabara hata geti likiwa limefungwa. Ndani yakapangwa mawe yaliyopakwa chokaa ili magari yazunguke upande mmoja na kutoka, pasiwe na gari la kurudi nyuma. Jambo hili la kurudi nyuma mlishike sana. Dereva anayerudi nyuma katikati ya watoto haoni mtu mfupi aliye karibu na bampa, hata kama gari ni jipya na dereva ni mzoefu. Palipo na eneo dogo lisiloruhusu kuzunguka, ni heri magari yasiingie kabisa, yashushie nje kwa mstari. Na tafadhali uwanja wa mpira usigeuzwe maegesho.

La mwisho ni mlinzi. Tulimkuta mlinzi anajua kila kitu kuhusu foleni ile kuliko sisi sote, lakini hakuna aliyemuuliza. Anajua gari lipi husimama katikati ya geti kila siku. Alipojaribu kuliondoa, aliulizwa kama anajua anazungumza na nani. Sasa ana fulana inayong'aa, na barua ya mkuu wa shule iliyosomwa kwenye mkutano wa wazazi, inayosema kwamba neno la mlinzi getini ni neno la mkuu wa shule.

Barabara si ya shule

Yaliyo nje ya kiwanja yana wenyewe. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za mitaa na za vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Kabla ya kuandika barua jueni yenu ni ya nani, maana barua iliyokosea ofisi inaweza kulala miezi. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Msijenge kituo cha kushushia ndani ya mita hizo bila kibali. Sote tunaifahamu alama ya X nyekundu.

Msijenge pia matuta wenyewe. Baada ya ajali wananchi wenye uchungu hurundika mawe na udongo barabarani, na usiku ule ule pikipiki inaanguka hapo. Tuta, kivuko na vibao huombwa. Barua yenye nguvu ina hesabu mliyoifanya, mchoro wa mkono unaoonyesha geti, kituo na njia za wanafunzi, na ombi mahususi. Ipiteni kwa mtendaji wa kata na nakala mpeni mkuu wa polisi wa usalama barabarani wa wilaya.

Wanaotaka kuona mfano wafike Dar es Salaam, ambako shirika la Amend limefanya kazi katika shule za msingi zenye ajali nyingi. Hutazama watoto wanapita wapi, kisha hujenga vitu vya kawaida: njia ya miguu, vizuizi vya kuyazuia magari kuingia katika njia hiyo, matuta, vibao, na mahali pengine kuhamisha geti. Utafiti uliolinganisha shule zilizofanyiwa hivyo na ambazo bado, ulionyesha majeruhi kupungua kwa zaidi ya robo. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya kituo cha WRI Ross mwaka 2019. Kwa shule zilizo kwenye barabara ya njia nne, kama kati ya Sakina na Tengeru, matuta ya kawaida hayatoshi. Hapo ombeni kivuko chenye mahali pa kusimama katikati, na mtu wa kuvusha.

Daladala, bodaboda, na wenye magari

Daladala husimama getini kwa sababu abiria wako getini. Kituo kikisogezwa mita 60 hivi, kikiwa upande wa mbele baada ya kivuko, daladala iliyosimama haimfichi anayevuka. Hili huzungumzwa na ofisi ya LATRA pamoja na wenye njia.

Kwa bodaboda tulitarajia ugomvi, haukuwepo. Vijiwe vina viongozi wao, na wengi wa vijana hao walisoma shule hizo hizo. Walitaka sehemu yao ya kushushia, iliyoandikwa. Walipewa, nao wakaweka faini yao wenyewe kwa anayeipita foleni saa za shule. Mshikaki bado upo. Mzazi mwenye watoto wawili na nauli ya mmoja atauomba tu, na mwendeshaji mmoja alituambia waziwazi kwamba akikataa, mwenzake atachukua.

Wagumu zaidi wamekuwa wazazi wenye magari, nasi tuliseme hili kwa upendo kwa sababu wengi wao wamo katika mabaraza yetu ya wazee. Ndio wanaolipa ada kwa wakati. Ndio wanaohudhuria mikutano, maana mama anayeuza ndizi sokoni hawezi kufika mkutano wa saa 4 asubuhi. Kwa hiyo foleni huletwa kikaoni kama tatizo la gari, na suluhisho linalotafutwa ni la gari. Mkuu wa shule ya kanisa anaogopa kumwudhi mzazi ambaye anaweza kumhamisha mtoto muhula ujao, na hofu hiyo si ya kubeza, kwa sababu mishahara ya walimu inatoka katika ada hizo. Tunachoweza kufanya kama dayosisi ni kumwondolea mzigo huo: utaratibu wa geti upitishwe na bodi, utangazwe sharikani, usiwe wa mkuu wa shule peke yake. Na mkutano wa wazazi mmoja kwa mwaka uwe Jumapili baada ya ibada.

Kwa bodi za shule na vikundi

Someni Kumbukumbu la Torati 22:8, kisha jadilini. Katika shule iliyo karibu nanyi, ni nani huingia getini bila kuhesabiwa? Nani aliyesikika katika kikao cha mwisho kuhusu foleni, na nani hakuwepo? Mlinzi wenu ana mamlaka gani kwa gari la mjumbe wa bodi, au la mchungaji?

Kisha chagueni siku tatu. Karatasi ya kuhesabia mnaweza kuichora wenyewe: safu ya kwanza ni saa, kwa vipindi vya dakika 5, zinafuata za wa miguu, baiskeli, daladala, bodaboda na gari binafsi, ya mwisho mwandike jambo lolote la hatari mlilolishuhudia, kama gari kurudi nyuma, kushukia mlango wa kulia, mshikaki, au dereva kumwashia mtoto taa avuke. Chora nyingine kwa alasiri. Shule zitakazotuma nakala ya hesabu zao ofisi ya miradi kabla ya mvua za masika zitatembelewa kwanza, na barua ya kwenda TANROADS au TARURA tutaiandaa pamoja.